Farasi wa Hajji Osman, na Neno Nililochelewa Kusema

Doha, Ijumaa, Februari 2016

Upepo umevuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia hata ndani ya soksi nilizoanika dirishani. Kuna baridi kidogo, ile ya hapa ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua kabla ya saa nne. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimerudi chumbani muda si mrefu, bado sijavua viatu.

Nataka kuandika sasa hivi. Nikilala kwanza nitaamka na nusu ya habari.

Leo nilikwenda kumuaga Hajji Osman.

Wengi wanaonijua hapa wananijua kama dereva wa familia moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri. Wachache wanajua kwamba miaka yangu kumi ya kwanza katika nchi hii sikushika usukani. Nilishika hatamu. Nilikuwa saisi, mtunza farasi wa mbio, kuanzia 2002 hadi 2012, na mkubwa wangu alikuwa Hajji Osman, Msudani mrefu mwembamba aliyewafundisha farasi kukimbia tangu ujana wake. Vikombe alikuwa navyo vya kujaza kabati. Lakini kilichofanya wakufunzi wenzake wamheshimu ni kwamba farasi waliokataliwa na mazizi mengine walikuja kwake, na kwake walikimbia.

Mimi nilizaliwa Molo, kwenye shamba ambalo baba yangu alitunza farasi wa mzungu mmoja. Kwa hiyo harufu ya zizi haikuwa ngeni. Ugeni ulikuwa kwenye jina. Siku ya kwanza Hajji aliniuliza naitwa nani, nikasema Barasa. Akashtuka, kisha akaangua kicheko. Kwa Kiarabu, neno linalofanana na jina langu ni ugonjwa wa mabaka meupe ya ngozi. Akasema yeye hawezi kumwita mtu ugonjwa kila alfajiri kabla hajanywa chai.

"Wewe ni Baraka," akasema. Basi nikawa Baraka kwa miaka kumi.

Sasa anaishi mtaa wa Najma, ghorofa ya tatu, pamoja na mwanawe Yasir. Alhamisi ijayo anarudi Sudan, na huku hatakuja tena. Sukari imemla macho. Anaona mwanga na vivuli tu. Nilipofika, picha zote za farasi zilizokuwa ukutani zilikuwa zimeshushwa ili zifungwe kwa magazeti na kutiwa kwenye boksi. Hajji alikuwa amegoma zisifungwe mpaka azishike moja moja na kuambiwa ni ya nani.

"Mwambie wewe," Yasir alinisihi. "Mimi naona farasi wote ni mmoja."

Akaenda jikoni kutengeneza chai. Nikaketi zuliani karibu na mzee, nikampa picha ya kwanza.

Majnun.

Majnun alikuja 2004 na sifa mbaya. Farasi dume, rangi ya kahawia iliyoiva, mwili kama uliochongwa, na meno. Siku ya kwanza tu alimng'ata Hamza begani. Hamza alikuwa mwenzangu kutoka Masaka, Uganda, tuliyelala naye chumba kimoja, na jioni ile aliapa kwamba atapanda ndege arudi kwao. Hajji hakumpiga farasi wala hakumbembeleza Hamza. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya banda la Majnun siku tatu, akimtazama. Siku ya nne akatuambia kwamba jicho la kushoto la farasi huyu halioni vizuri.

Farasi kwa desturi huendewa kutoka kushoto. Sote tulikuwa tukimtokea upande ambao kwake ulikuwa giza. Tukaanza kumwendea kutoka kulia, tukilitaja jina lake kwanza, na kung'ata kukaisha.

Kisha Hajji akamletea mbuzi, alale naye asiogope peke yake. Hamza akampa yule mbuzi jina la Mheshimiwa, kwa sababu alikula vya kila mtu na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Majnun hakukubali kupanda lori la kwenda mbioni mpaka Mheshimiwa atangulie. Katika picha ya ushindi wake wa kwanza, ukiangalia chini kulia, masikio ya mbuzi yanaonekana.

Nilipomwambia Hajji kwamba masikio bado yapo, alicheka mpaka akakohoa.

Picha ya pili ilikuwa ya Tamra. Farasi jike wa Kiarabu, mdogo, miguu myembamba, watu wakimcheka anapoingia uwanjani. Kila mara alikuwa wa mwisho mpaka kona ya mwisho. Hapo ndipo alipoanza kazi. Hajji alimwambia mpanda farasi wake neno moja tu: "Usimfundishe. Kaa utulie."

Lakini mimi Tamra simkumbuki kwa mbio.

Mwaka 2005 mama yangu alifariki. Kibali changu kilikuwa kikibadilishwa na sikuweza kusafiri. Mama akazikwa Jumamosi, mimi nikiwa Doha. Mchana ule niliingia bandani kwa Tamra, nikachukua brashi, nikaanza kumsugua ubavu uliokwisha kuwa safi. Sijui nilisugua muda gani. Hajji akaingia, akachukua brashi ya pili, akasimama upande wa pili wa farasi. Hakunipa pole.  Tulimsugua Tamra, yeye huku na mimi huku, mpaka adhana ya alasiri ilipoita na bado hakuondoka. Mtu asiyechelewa sala hata mara moja.

Nimepewa rambirambi nyingi maishani. Ile ndiyo ninayoikumbuka.

Picha ya tatu niliijua kabla sijaigeuza. 

Sabra.

Alikuwa wa kijivu chenye madoa meupe, kana kwamba mtu amemrushia maziwa. Huyu alikuwa wangu. Nilimlisha mimi, nikamwosha mimi, nikamtembeza mimi. Mwenye kummiliki alikuwa tajiri mmoja aliyekuwa na farasi wanane kati ya kumi na wanne tuliowatunza. Yaani zaidi ya nusu ya zizi ilisimama juu yake.

Hajji alitufundisha kupapasa miguu ya farasi kila siku tukiwa tumefumba macho. "Moto huja kabla ya uvimbe," alikuwa akisema, "na uvimbe huja kabla ya kuchechemea. Ukingoja kuona, umechelewa." Wenzangu walichoka na somo hilo. Mimi mkono wangu ulilishika haraka, na nilijivuna.

Mwaka 2007 Sabra aliandikishwa katika mbio kubwa ya Ijumaa. Tajiri alialika wageni. Ilikuwa zamu yangu kumwongoza mbele ya watu, na nilikuwa nimenunua shati jeupe na kulipiga pasi mara mbili.

Siku ya mbio, daktari wa farasi alimtazama akitembea, akasema hana shida. Tuliposimama mbele ya watazamaji ili Hajji akaze mkanda wa tandiko, niliinama nikaugusa mguu wa mbele wa kushoto. Nikamwangalia mpanda farasi akifunga kofia yake. Alikuwa ana mtoto wa wiki mbili. Asubuhi alikuwa ametuonyesha picha.

"Hajji," nikasema, "mguu wa kushoto una moto."

Aliinama, akapapasa. Akaniangalia usoni. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Alimvua Sabra tandiko yeye mwenyewe, mbele ya watu wote. Tajiri akaja na wageni wake nyuma, uso umemwiva kwa aibu. Akauliza ni nani aliyesema farasi ni mgonjwa ilhali daktari amempitisha.

"Mimi," akajibu Hajji.

Siku tatu baadaye mguu ulivimba. Daktari akasema kano ingekatika katikati ya mbio, na huenda mpanda farasi asingeinuka. Lakini kwa tajiri haikusaidia kitu. Alikwisha kuaibika. Wiki hiyohiyo akaondoa farasi wake saba, akamwacha Sabra, akisema kilema tubaki naye. Zizi likabaki na farasi saba, na masaisi wanne wakapoteza kazi. Hamza alikuwa mmoja wao. Nilimsaidia kufunga begi.

Mimi nilibakizwa. Tena nilisifiwa. Baraka mwenye mkono. Baraka aliyeokoa farasi na mtu. Sabra alipumzika zaidi ya mwaka, akarudi akashinda mbio ndogo, na picha niliyoishika leo ndiyo ya siku hiyo. Hajji anatabasamu, mimi natazama chini.

Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini natazama chini.

Nilikuwa nimeuhisi moto ule Alhamisi.

Alhamisi alasiri, baada ya kumwosha Sabra, mkono wangu ulisimama kwenye mguu wake wa kushoto. Joto lilikuwa dogo tu, kama la kikombe ambacho chai yake imekwisha kunywewa. Nikajiambia ni jua. Nikaenda kupiga pasi shati. Ningesema Alhamisi, Hajji angempigia tajiri simu kimyakimya, farasi angeondolewa kabla wageni hawajafika, na huenda pasingekuwa na aibu wala farasi kuondoka. Huenda Hamza angebaki.

Miaka tisa nimetembea na jambo hili. Nilimtembelea Hajji mara ngapi? Kila mara nilisema, wakati ujao. Leo hapakuwa na wakati ujao.

Nikamwekea picha mikononi. "Hii ni ya Sabra," nikasema. "Na Hajji, ule moto niliuhisi Alhamisi."

Vidole vyake vikasimama juu ya kioo.

"Alhamisi saa ngapi?"

"Alasiri. Baada ya kumwosha."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilitaka kumwongoza mbele ya watu."

 Jikoni Yasir alikuwa akisuuza vikombe, nami nilihesabu sauti za maji ili nisitazame uso wa Hajji. Nilikuwa tayari anifukuze. Niliona ni haki yake.

"Hamza angebaki," akasema hatimaye, taratibu, kama mtu anayejaribu jambo aone kama linakaa. "Huenda angebaki."

"Ndiyo, Hajji."

 Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Jioni ile nilipita bandani. Sabra alikuwa amebakisha shayiri, nusu ndoo. Sabra! Farasi aliyekuwa akilamba mpaka ndoo ya jirani. Niliona kwa macho yangu, wakati huo nilikuwa nayo. Nikajiambia ni wasiwasi wa mbio tu, ataamka mzima." Akashusha pumzi. "Baraka, na mimi nilikuwa nimepigisha pasi kanzu yangu."

 Nikamuuliza mbona hakuwahi kutuambia.

"Nimwambie nani? Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa."

Yasir akaleta chai akatukuta tumekaa kama watu waliotoka kwenye maji. Hajji akamwomba Yasir atupishe, kisha akaniambia nimpigie Hamza simu. Namba ninayo, huwa tunatumiana salamu za sikukuu. Sasa Hamza yuko kwao Masaka, ana ng'ombe wa maziwa. Nikaweka simu kwenye zulia, sauti juu, na Hajji akamweleza yote kwa Kiarabu, sehemu yake kwanza na yangu baadaye. Hakupunguza hata kidogo, lakini hakuniacha nisimame peke yangu.

 Upande wa pili tukasikia ng'ombe.

"Hajji," Hamza akasema, "nilipofika nyumbani nililia mwezi mzima. Halafu nikaoa." Akacheka kidogo, kisha sauti ikabadilika. "Baraka, wewe umenikosea. Siku ukija huku nitakusema mbele ya mke wangu, kisha utakula. Lakini uje."

Nikamwambia nitakuja. Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, na akaniambia nirudie, laini inakatika. Nikarudia. Nadhani alisikia hata mara ya kwanza.

Tulimaliza kufunga picha saa tano, kabla Yasir hajampeleka baba yake msikitini. Mlangoni nilimshika Hajji mkono. Ule mkono uliopapasa miguu ya farasi wengi kuliko siku nilizoishi, sasa ni mwepesi, mifupa na ngozi. Nikaanza kumshukuru kwa Kiarabu. Kwa Majnun. Kwa Tamra na brashi ya pili. Kwa siku aliyosema "mimi". Kiarabu changu ni cha zizini, kina maneno mengi ya kwato na maji, machache ya shukrani, na katikati kikanishinda. Nikaendelea kwa Kiswahili, lugha ambayo hajui hata neno lake moja.

Nikanyamaza, nikaona haya.

"Endelea," akasema Hajji. "Nasikia."