Nukta Nilizozigonga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe alikwenda kung'olewa jino, akaniachia karakana na injini ya mashine ya kusaga ya Mama Unga. Alishafungua juu na chini. Kazi yangu: kutoa pistoni na konrodi, kuosha, kutenga zinazofaa na za kutupa, kutia alama. Nikasema leo akirudi akute kila kitu kimepangwa mezani, ajue mke wa mwanawe si wa kushika taa tu. Kiherehere!

Pistoni hazikunisumbua. Moja imechubuka ubavuni, nyingine mifereji ya ringi imelika — chakavu, pembeni. Konrodi ndizo, ile mikono ya chuma inayosukumwa na pistoni. Kila konrodi ina kofia yake, ile nusu ya chini inayokumbatia mhimili wa kranki, na zimechongwa pamoja. Hazibadilishani hata zikifanana kama mapacha. Alinifundisha mwenyewe: ukifungua, rudishia kofia papo hapo, ndipo uoshe. Mimi nikazitumbukiza zote kwenye karai moja la dizeli, nimalize haraka. Na namba za kiwandani kuna fundi alishazisugua zamani.

Ya kwanza na ya nne nilizitambua kwa makovu. Ya pili na ya tatu nilikisia. Kisha nikachukua panchi na nyundo, nikagonga nukta kwenye kila konrodi na kofia yake, kwa mkono usiotetemeka. Mtu akiona nukta haulizi tena. Ndiyo maana nilizigonga, nadhani.

Alirudi shavu limevimba, akatazama meza, akacheka kwa upande mmoja. Akasema sasa anaweza hata kulala mchana. Kilemba cha ukoka, na nimekivaa.

Jumanne, 4 Machi

Amefunga injini. Kwenye konrodi ya pili alisimama, akapitisha ukucha pale kofia inapokutana na konrodi, ukakwama. Akarudia. Akaniuliza kama kofia hii ni ya hapa.

"Ndiyo, Baba. Nukta mbili huku, nukta mbili huku."

Akaisogeza machoni, akaiangalia sana.

"Basi ni ukucha wangu," akasema. "Nao umezeeka."

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja! Kranki ilizunguka kwa uzito. Akasema labda ni ugeni wa beringi mpya, nami nikaitikia haraka mno.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Unga amekuja kushukuru. Mashine inasaga kama inafukuzwa, anasema. Amemtania Baba kwamba jino limemtoka lakini ufundi umebaki. Nimecheka nao. Labda nilikisia sawa. Labda.

Jumamosi, 8 Machi

Inagonga.

Baba aliisikia kupitia simu tu, akamwambia Mama Unga aizime hapo hapo, kabla konrodi haijatoboa bloku ya injini ikamfuata mtu. Tulikwenda kuitazama. Watu kwenye foleni na magunia yao, wananung'unika. Baba akawaomba radhi mmoja mmoja. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika mfuko wa spana.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu siku nyingi anataka babake aache kazi, akae nyumbani. Ana nia njema, sikatai. Lakini mzee huyu ukimwondolea karakana umemwondolea sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Wamekuwa wakivutana, na kila mara Baba ndiye mshindi.

Leo tukiwa mezani mume wangu akasema, si niliwaambia? Nikangoja Baba abishe — yeye anayebishana hata na redio! Akasukuma sahani.

"Kweli. Mkeo alitia alama vizuri. Aliyefunga vibaya ni mimi."

Nikakusanya vyombo hata watu hawajamaliza. Mume wangu akanifuata jikoni, akauliza mbona macho mekundu. Nikasema vitunguu. Leo hatukupika kwa vitunguu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia stoo, nimekalia debe.

Injini iko mezani tena. Beringi za pili na tatu zimelika upande mmoja, konrodi zenyewe zimepona. Mume wangu yupo pale nje na maboksi, ameomba ruhusa kazini aje kupakia vifaa vya babake. Anafuta kila spana kabla ya kuiweka. Taratibu, kwa heshima, kama wanavyokusanya nguo za marehemu. Baba hamtazami. Ameniambia hii ndiyo ya mwisho, tena nifunge mimi, yeye atashika taa.

Nikasema nakuja, nachukua tambara. Lakini nimekuja na konrodi ya pili na ya tatu, na kofia zake, ndani ya aproni. Nimezijaribu kofia hapa, nikizibadilisha. Ukucha umepita laini, haukukwama popote! Kumbe ukucha wake haukuwa umezeeka.

Nukta ni rahisi kufuta. Sugua kidogo kwa tupa, gonga nyingine, paka oili, nani atajua? Mama Unga atasaga. Mashine itapona. Lakini Baba ataondoka leo na maboksi yake, akiamini mikono yake imemwangusha, na ataliamini hilo mpaka siku atakayozikwa. Kwa hiyo tupa inaniokoa mimi peke yangu. Hilo nalijua. Nimeliandika ili nisijidai sikujua.

Nikitoka na kusema, nitasema mbele ya mume wangu. Ataniangaliaje? Na Baba — yeye ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu hatanigombeza.

Ananiita.

Sauti yake haina haraka. Anauliza kama tambara limepotea, aje anisaidie kutafuta?

Nimejibu: hapana, Baba, nimeshalipata.

Mkononi nina tupa.