Kijitabu cha Simfoni za Baba

Tadaomi, mdogo wangu,

Theluji imeanza hapa Kanazawa. Mama hajambo, ila macho ndiyo yamekwisha kabisa.

Rekodi za simfoni alizotunga Baba zimefika. Miaka arobaini hakuna aliyezijali, kwa hiyo Mama alisikiliza huku akilia. Kisha akasema, "Nisomee alichoandika mwanangu kwenye kijitabu kilichokuja nazo."

Umeandika kwamba Baba alifanya kazi peke yake! Nani aliyenakili kwa mkono kurasa za muziki za kila mpiga fidla na tarumbeta, mpaka akapofuka? Huna haya?

Nikamdanganya. Nilimsomea shukrani ambazo hukuziandika. Akatabasamu: "Kumbe mwanangu alikuwa ananiona."

Jumapili uje umshukuru kwa mdomo wako mwenyewe. Usipokuja, usiniite dada tena.

Chizuru