Koti Lililohudhuria Mafunzo

Jumatatu, 3 Machi
Bodi ya wahandisi inataka saa kumi na mbili za mafunzo ndipo inihuishie leseni. Mimi! Mtu ambaye kwenda msalani ni safari ya kuagana. Lakini bila muhuri wangu ofisi inafungwa, na ofisi ndiyo riziki ya binti yangu — yeye, mhandisi mchanga, leseni yake bado mwaka mzima. Basi amenitundikia kompyuta juu ya kitanda. Mkufunzi ananihubiria usoni. Kugeuka siwezi, ubavu una kidonda.

Jumanne, 4 Machi
Saa nne zimekwisha. Kila dakika kumi kompyuta inauliza: Bado upo? Bonyeza. Ukichelewa, somo linaanza upya. Binti anasema hata mtoa roho hana usumbufu huu. Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamwomba abonyeze yeye, nilale. Akagoma — eti, "Baba, wewe hujawahi kughushi hata saini."
Nikabonyeza mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike, maana kutamka nashindwa. Nimeghushi. Zamani mafunzo yalikuwa ukumbini, daftari la mahudhurio likipitishwa asubuhi. Sisi wakongwe tulikuwa na neno letu: kuacha koti. Unasaini, unatundika koti kitini, unatokea mlango wa jikoni. Koti langu limesoma kuliko mimi!

Leo somo ni sakafu bapa, ile inayokaa juu ya nguzo bila mihimili. Mkufunzi kasema hesabu ya zamani iliachwa miaka kumi na miwili iliyopita: uzito ukizidi, nguzo huitoboa sakafu kama kidole kwenye mkate. Bila onyo. Hesabu mpya ilifundishwa mwaka uleule, ukumbini.
Nilisaini siku ile. Koti likabaki.
Mwaka uliofuata nikapiga muhuri maktaba ya shule. Ghorofani. Kwa hesabu ya zamani. Makabati ya vitabu, na watoto.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepiga hesabu upya nyuma ya bahasha ya dawa. Mara tatu. Jibu ni lilelile. Sakafu haitoshi.
Nikisema — leseni kwisha, ofisi kwisha, na jina ninalomwachia mwanangu kwisha. Nikinyamaza nazikwa kwa sifa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kitawachukua watoto wa watu.

Jumamosi, 8 Machi
Saa zimetimia. Limebaki tamko: Nathibitisha nimehudhuria mwenyewe mafunzo yote, haya na ya nyuma. Binti kanishika kidole, kakiweka juu ya kitufe. Bonyeza, Baba, tupumzike.
Nikamwambia aniletee michoro ya maktaba. Kabati la chini.
Ya nini sasa? Baada ya dakika tano mfumo unajifunga!
Nikasema, lete na namba ya mwalimu mkuu. Jumatatu watoto wanarudi.
Kanitazama. Kaachia kidole.
Naandika haya amekaa chini, michoro imetandazwa miguuni, kikokotoo mkononi. Sasa ananiuliza, bila kuinua kichwa: "Baba, hapa kwenye nguzo ulitumia hesabu ipi?"