Nyavu ya Tata

Nchelenge

Mama yangu mupenzi,

Pu. Kimya kidogo. Kisha pu tena. Ukiisikia kwa mbali unaweza kufikiri ni mwanamuke anatwanga muhogo, lakini inatoka ziwani, mu matete. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu mvua zilipoanza, na ndiyo imenikalisha chini nikuandikie.

Lakini kwanza nikusalimie kama mutoto aliyelelewa. Muguu wako umetulia? Bado unaufunga kitambaa cha moto asubuhi, ao umeacha kwa sababu sipo kukugombeza? Dieudo, mudogo wangu, wewe unayemusomea Mama barua hii, umuangalie uso akijibu, kisha uniandikie ukweli. Miye mwili ni muzima. Malaria ilipita hapa, ikanilaza, ikaenda. Ni roho tu ambayo haikai mahali pake.

Shule yetu bado ni ile ndogo niliyokuambia, kwenye kijiji kilicho njia ya kwenda Chienge. Ziwa liko karibu sana. Upepo ukigeuka, harufu ya chisense, wale ndagala wa huku, inaingia klasini mbele yangu. Ninafundisha sayansi. Mwaka huu nina klasi ya mwisho, wale wa mutihani, na kati yao kuna musichana anaitwa Mwansa. Anachomeka kalamu mu nywele na anajibu swali mbele hujalimaliza. Mama, ningekuwa na ruhusa ya kupenda mwanafunzi mumoja kuliko wengine, ningemupenda yeye. Ninafikiri nilijipa ruhusa hiyo.

Unakumbuka kwamba miezi ya mvua serikali ya huku inafunga ziwa ili samaki wazae. Hakuna mutu wa kutega. Lakini tumbo halifungwi, na kuna wanaojificha mu matete: wanazungusha nyavu, kisha wanapiga maji na fimbo ndefu, samaki wanashituka na kukimbilia ndani. Marehemu Tata, baba yetu, alichukia kazi hiyo. Alisema ni kumufukuza mugeni kwa kupiga sahani zake. Ndiyo ile pu, pu. Kila asubuhi niliisikia nikiandika ubaoni, na sikujiuliza ni mikono ya nani.

Siku moja akaja klasini mutu wa serikali anayelinda samaki, kuongea na wanafunzi. Kijana mupole, viatu safi. Nilitaka aone klasi yangu inajua. Nikauliza: "Nani atamuambia mugeni wetu samaki wanazalia wapi?"

Mwansa alikuwa amekwisha kusimama. "Kwenye maji mafupi, ticha. Mu matete. Dume anachimba shimo mu muchanga, jike anabeba watoto kinywani."

"Kumbe!" mugeni akasema, akicheka. "Ulisoma wapi?"

"Ninawaona. Asubuhi, mbele ya kuja shule, tunapiga maji kule nyuma ya kanisa. Tata yangu anatega, miye na mama tunapiga. Wakiingia mu nyavu wanatapika watoto wao."

Na miye, Mama, unajua nilisema nini? Nilisema: "Vizuri sana. Sema tena kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

Akasema tena kwa nguvu.

Nilisikia sayansi tu. Sikusikia kwamba mutoto amemutaja baba yake.

Kesho yake watu wa serikali walikuja na gari. Mutumbwi wa baba ya Mwansa wakaufunga kamba wakauvuta. Nyavu wakaichoma palepale kwenye muchanga, mbele ya wanawake wanaoanika chisense, na moshi wake mweusi ukaja mupaka madirishani kwetu. Hakuna aliyegeuka kuuangalia. Waliniangalia miye.

Mwansa hakuja tena. Na klasi ikafunga kinywa. Ninauliza swali, wanaangalia vidole vyao. Ninauliza jambo ambalo mutoto wa klasi ya kwanza analijua, hakuna mukono. Siku moja nikakasirika: "Sasa nimuulize nani?" Sauti ikatoka nyuma, sikujua ya nani: "Uliza ukuta, ticha. Ukuta hauna baba." Walicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti zao baada ya siku nyingi. Nilikuwa karibu kushukuru.

Direkteri wa shule ananiambia: "Wewe haukumushitaki mutu. Na sheria ni sheria." Anasema kweli, na hiyo kweli ndiyo inanichoma. Kama ningekuwa nimekosea sheria, ningejua pa kwenda kuadhibiwa.

Nikaenda kwao. Baba yake wanamuita Bashi Mwansa, ni kusema baba wa Mwansa. Anaongea Swahili ya soko, kwa sababu tangu zamani anauzia samaki watu wa kwetu, ng'ambo ya ziwa. Nilimukuta amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, mikono haina kazi.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Umekuya kutafuta nyavu ingine ya kuchoma?"

"Nimekuja kuomba musamaha, tata."

"Musamaha." Akamuita muke wake jikoni. "Bamayo! Mwalimu ametuletea musamaha. Hiyo tunapikaka na chumvi ao bila chumvi?"

"Bila chumvi," muke wake akajibu kutoka ndani. "Chumvi nayo ilikwisha."

Nikamuambia kuhusu mutihani. Direkteri akipeleka majina mbele Mwansa hajarudi, miaka yote aliyosoma itabaki bila cheti. Akanisikiliza mupaka mwisho.

"Mwalimu, miye sikukatala shule. Nyavu ndiyo ilikuwa inasomesha mutoto. Sasa eko anaanika chisense ya batu, ndiyo tunakula. Ukinipatia mukono ya kuvua, nitakupatia mutoto."

Mwansa alikuwa pembeni, magamba ya samaki yamekauka mikononi mwake. Alinisindikiza kidogo. Akaniuliza: "Ticha, lile jibu langu lilikuwa baya?"

"Hapana. Lilikuwa sawa."

"Sasa juu ya nini walichoma nyavu yetu?"

Nikaangalia vidole vyangu, kama klasi yangu.

Mama, ninaweka salamu hapa, mbele ya kumaliza, kwa sababu nikishaandika yanayofuata sitakuwa na uso wa kumusalimia mutu. Umusalimie mama mudogo anayekuchotea maji, umuambie siku zote ninamuona mu sala zangu. Umusalimie mukubwa wangu, yaya Josée, na bwana yake na yule mutoto wao aliyezaliwa nisimuone. Na jirani yetu katekista, aliyenifundisha kushika kalamu, umuambie bado ninaishika, hata kama sijui vizuri inafaa kwa nini.

Na sasa Dieudo, usiruke mistari. Musomee Mama yote, pole pole.

Siku mulipopanda lori la wakimbizi kurudi Moba, Mama uliniachia nyavu ya Tata mu gunia. Ulisema: "Ichunge. Si yako, ni ya Dieudo, akikomaa atakuja kuikamata." Niliichunga. Nilikuwa ninaitoa kila kiangazi kuipiga upepo, panya wasiizoee. Na ninajua, mudogo wangu, ulituma neno kwamba mwaka huu unakuja kuikamata.

Ziwa lilipofunguliwa, niliibeba kichwani mupaka kwa Bashi Mwansa. Akaitandika chini, akapitisha vidole mu macho ya nyavu, akaona ni mapana kama sheria inavyotaka. Tata hakutega nyavu ya macho madogo, hata siku za njaa. Kisha akafika kwenye maboya. Mama, unayajua: Tata aliyakata kwenye malapa yetu yaliyochakaa, zile ndala za mupira, kila mwaka akaongeza. Bashi Mwansa akashika moja, akaligeuza.

"Haya malapa ya nani?"

Nikamuonyesha. La buluu ni la Mama. Jekundu ni langu. Lile dogo la manjano ni la Dieudo, alilojifunzia kutembea.

Akalipangusa lile la manjano. "Nitoe, niweke yetu?"

Nikamuambia aache.

Sikuuza, Mama. Sikuazima, na sitaenda kuidai. Nimeipa. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua ungekatala, na ungekuwa na haki. Mwansa amerudi klasini. Bado hajanyoosha mukono, lakini kalamu iko mu nywele. Na jana asubuhi nilisimama muchangani nikaangalia nyavu ikiingia majini kutoka mutumbwi alioazima, lapa kwa lapa: lako la buluu mbele, langu katikati, na lile dogo la manjano nyuma ya yote.

Mutoto wako,
Aimée