Nilimwambia Wakaba Nagoya Hakuna Kitu

Nagoya, 28 Oktoba

Mpendwa Bi. Kuwayama,

Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote, hata pale nitakapoonekana mjinga. Naitwa Suzuna, nina miaka kumi na sita, na nina rafiki anayeitwa Wakaba, wa Aomori, kaskazini kabisa, ambaye nilikutana naye mara moja tu kwenye mashindano ya kwaya, tukacheka siku nzima, na tangu hapo tunaandikiana. Mwezi huu alitutumia kreti ya matofaa na kikaratasi: "Ni matofaa ya kawaida tu, yamepigwa na upepo, tafadhali mtusamehe." Yalikuwa matamu mpaka baba alilila la kwanza akiwa amesimama mlangoni, koti hajavua.

Sasa Wakaba na mama yake wanakwenda Kyoto kutazama majani ya miti yaliyogeuka mekundu, na treni yao ya mwendokasi inapita hapa kwetu, akaniuliza, "Suzu, tushuke Nagoya siku moja? Kuna nini cha kuona?" Nami nikajibu kama nilivyolelewa, kama bibi yangu na kila mtu wa mji huu anavyojibu, kwamba msijisumbue, hapa hakuna cha kuona, chakula chetu ni chumvi tupu, huku nikingoja aseme, "Wacha wee, mimi nashuka!" ili nikatae kidogo, kisha nikubali. Badala yake akajibu, "Basi sawa, tutapitiliza. Njoo stesheni unipungie mkono dirishani."

Nililia bafuni, Bi. Kuwayama, maana kichwani nilikuwa nimeshapanga kila kitu: asubuhi mgahawa wa kahawa anakokwenda bibi, ambako ukiagiza kahawa tu unaletewa na yai na tosti ya maharage matamu, halafu sanamu za samaki wa dhahabu juu ya paa la ngome, mchana wali wa samaki mkunga, tule bakuli moja kwa namna zake tatu na nimwonyeshe ile ya mwisho, ya kumwagia mchuzi, ambayo ndiyo tamu kuliko zote, na jioni tuchague keki ya mchele ya kumpelekea baba yake, ile ya kijani yenye chai.

Nilimweleza bibi pale mgahawani. Akasema, "Mwache apite, mjukuu wangu. Huku kuna nini? Joto na sosi." Wenzake mezani wakaitikia, "Kweli kabisa." Mara mgeni wa meza ya pili akaanza kula tosti yake kwa siagi peke yake, bibi akageuka na kiti chake: "Wee baba, ndiyo nini hiyo? Paka maharage! Mengi! Usione haya!"

Tiketi wanakata Jumamosi. Nikimwambia sasa kwamba kwetu ni kuzuri, si nitaonekana mwenye majivuno, tena mwongo? Mama husema kizuri chajiuza. Je, nimwambie ashuke, au niende tu kupunga mkono? Tafadhali nijibu katika gazeti la Ijumaa.

Suzuna

*

Suzuna mwanangu,

Futa machozi utoke bafuni, wenzako wanataka kuoga. Mimi pia ni wa hapahapa, wimbo huo naujua ubeti kwa ubeti.

Nikuulize: Wakaba aliposema matofaa yake yamepigwa na upepo, mlimwamini? Hamkumwamini, kwa sababu kreti ilikuwa mbele yenu inanukia. Maneno ya kujishusha ni kifuniko, na kifuniko huenda na sahani yake. Bibi yako anasema hakuna kitu huku anamsukumia mgeni maharage. Wewe umemtumia mwenzio kifuniko kitupu, naye kwa adabu yake akakirudisha. Huenda na yeye analia bafuni kwao, akidhani humtaki. Hilo hukulifikiria, ulikuwa unajililia mwenyewe.

Mama yako amesema kweli, kizuri chajiuza. Lakini hata muuza keki wa stesheni huweka moja dirishani.

Leo hii mpigie simu. Usiandike, piga. Usiusifu mji hata kidogo. Sema, "Wakaba, shuka. Nataka kukaa nawe." Kisha nyamaza, usiongeze neno. Akishuka, anzia kwa bibi, na meza ile itafanya kazi yake.

Kama safari imeshapangwa na hawawezi kushuka, nenda stesheni na ile keki ya kijani. Usibaki dirishani, kaa mlangoni pa behewa lake. Mlango ukifunguka mtie keki mkononi, na kabla hujaiachia mwambie kwamba ni kitu cha ovyo tu, hakifai, akusamehe.

Hapo atakuelewa.

Bi. Kuwayama