Baba, Zinki Usiongeze

Baba, oili ya zamani ya gari nimeshaimwaga na kizibo cha chini nimekikaza. Mimina ile ya kwenye dumu lililo mlangoni, kisha upime kwa kijiti kabla ya kuwasha. Zinki, ile dawa yako ya kulinda injini, usiongeze! Oili hii ni ya injini za zamani, zinki imo tayari, na ikizidi inakula vyuma.

Asubuhi uliposema, "Shahada yako haijafungua hata nati moja," nilicheka, lakini iliniuma. ~~Basi fanya upendavyo.~~ Hapana, usifanye upendavyo. Gari hili ndilo lililomkimbiza mama hospitali nizaliwe. Nataka nije nikutembeze nalo utakapokuwa mzee kweli kweli.

Chupa ya zinki usiitafute. Nimeondoka nayo, maana nakujua.

Kitinda mimba wako