Evaristo, Gitaa Lako na Maji ya Kulaza Vumbi

Mwaka umetimia, Evaristo, tangu uanguke mbele ya watu na gitaa lako likiwa begani, na bado yapo maneno yanayotembea hapa Kikole kwamba darasa la chekechea ndilo lililokuchukua. Wanasema jengo jipya la watu wengi lazima litake mtu wake. Wanasema kuta zilisimama upesi mno, na wewe ndiye kafara. Maneno hayo yalianza msibani kwako, matanga hayajaanuliwa. Mama yako Marietha aliyasikia akiwa amekaa mkekani, kajifunika kanga mpaka machoni. Hakuyajibu. Tangu siku hiyo analala nayo na kuamka nayo.

Leo anayajibu. Lakini kwanza tukutaje ulivyokuwa, maana wapo ambao sasa wanakumbuka kifo chako tu.

Ulikuwa mtu wa kucheka mdomo ukiwa umejaa muhogo. Ulimwamkia kila mkubwa, hata yule aliyekuwa amekununia. Baba yako Benedikto alikuwa akisema palizi ya mikorosho ukiwepo wewe inakwisha mapema, kwa sababu ulilipiga jembe kama unacheza na watu wakalifuata jembe lako bila kujua.

Ulipokuwa Lindi, katika kibanda cha kutengeneza simu pale Mtanda, mtu alileta simu iliyopasuka kioo, asirudi tena kuichukua. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za Wajipsi wa Ulaya, jazi ya magitaa matupu, hakuna ngoma wala kinanda. Ulizisikiliza mwaka mzima. Ukarudi nyumbani na gitaa la mbao na vidole vyenye sugu, ukamfundisha rafiki yako Yassini, mkawa mnapiga wawili pale uani.

"Mbona muziki wenu unakimbia hivyo?" mama akakuuliza. "Unafukuzwa na nani?"

"Haukimbii, mama. Sikiliza vizuri. Gitaa la Yassini linatwanga, la kwangu linapepeta."

Mama akasikiliza. Kweli bwana, ilikuwa michi miwili katika kinu kimoja, tu-tu, tu-tu, na juu yake chuya zinaruka. Akacheka. "Kumbe Wajipsi nao wana vinu!"

"Wana mikokoteni, mama. Vinu watakuwa waliazima kwako."

Siku zile watoto wadogo walikuwa wanasomea ghalani, wamekalia magunia matupu ya korosho, na mwanao Antonia alirudi kila mchana anakohoa. Ukasema hamtaacha kupiga gitaa mpaka darasa lisimame. Kiingilio kikawa tofali moja kwa mtu mmoja. Watu wakaja, Waislamu na Wakristo, wengine tofali kichwani na mtoto mgongoni. Mzee mmoja alileta nusu tofali, ukamwambia, "Karibu babu, ila wewe utasikiliza kwa sikio moja." Alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke.

Usiku wa kwanza na wa pili hapakuwa na spika. Watu walisogeleana, mkeka juu ya mkeka, wakanyamaza ili wasikie. Kuta zikapanda.

Usiku wa tatu ulikuwa wa mabati, na wageni walitarajiwa kutoka Kilwa Masoko. Kamati ya ujenzi ikataka spika. Wewe ukakataa. Ukasema gitaa hili halikuzaliwa na umeme, wasiosikia wasogee.

"Wasogee wapi?" mama akasema. "Wakukalie mapajani? Usitutie aibu, baba."

"Haya, mama. Kwa ajili yako."

Basi mjomba wako Likwata akavuta waya kutoka kwenye mashine yake ya kusaga, ukapita chini, katikati ya uwanja. Waya haukufika. Akaunga mahali pawili na kufunga viungo kwa vipande vya mfuko wa nailoni.

Evaristo, darasa lina bati sasa. Lina ubao, lina madirisha, Mwalimu Fauzia amechora herufi ukutani kwa rangi nyekundu. Watoto hawamo. Walikuwa thelathini na mmoja, wamebaki sita. Na wa kwanza kumtoa mtoto alikuwa mama yako. Alimwambia mkeo Magdalena, "Wangu mmoja amekwenda. Huyu siwapi." Magdalena hakubisha, hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Wengine walipomwona mjukuu wa mama yako yuko nyumbani, wakawatoa na wa kwao. Nani angebaki?

Mwezi uliopita Mwalimu Fauzia alikuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

Hakukaa. "Mama, watu wanakutazama wewe. Wanasema kama bibi yake mtoto analiogopa lile jengo, sisi wengine ni nani?"

"Mwalimu, mimi nina uchungu."

"Najua, mama. Lakini niambie kweli. Na wewe unaamini?"

Mama alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama mikononi. Antonia akachungulia mlangoni, kashavaa sare zake za chekechea zinazombana, akauliza, "Bibi, mwalimu amekuja kunichukua?"

Mama akaanza tena kupepeta. Mwalimu akaaga, akaondoka.

Mama yako haamini, Evaristo. Hakuamini hata siku moja. Aliyaacha maneno yatembee kwa sababu yalimsitiri. Akamfungia Antonia ndani ili watu wadhani anaogopa jengo.

Alasiri ya siku ile ya spika mama yako aliwaongoza wanawake na ndoo, kama afanyavyo kabla ya ngoma yoyote hapa kwetu, kumwagia uwanja maji ili kulaza vumbi. Wageni wasije wakala vumbi letu. Kwenye ngoma za siku zote maji hayo hayana ubaya. Aliuona waya. Ulikuwa haujawashwa, akauruka, akamwaga huku na huku, ukazama kwenye tope pamoja na viungo vyake. Akaona uwanja umependeza.

Wewe ukatokea nyumbani, umevaa viatu vyeusi vya kanisani.

"Evaristo, vua hivyo viatu. Unavitia tope."

"Mama! Mwanamuziki mzima, miguu mitupu mbele ya wageni?"

"Vua nimesema. Viatu vyenyewe ni hivyo hivyo, huna vingine."

Ukacheka, ukavua, ukamkabidhi mkononi.

Adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika. Mjomba akawasha. Yassini, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao na ndala zake miguuni, akaanza kutwanga, mara moja, mara ya pili, anakungoja uingie. Ulisimama miguu mitupu kwenye tope, mkono wako wa kushoto kwenye nyuzi. Wa kulia ukakivuta kile chuma cha maiki kisogee. Hukuingia. Yassini akakukimbilia na kukushika kwa mikono yake, akatupwa chini. Vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo, na gitaa hapigi tena. Kelele zilikuwa nyingi, na aliyekumbuka kuzima alichelewa.

Mama alikuwa amesimama palepale ameshika viatu.

Ndiyo hivyo. Mjomba Likwata anajua viungo vyake, mama yako anajua maji yake. Mwaka mzima wanaonana kwenye misiba ya watu, wanasalimiana, wanatazama chini. Juzi mama alimwendea, akamwambia anataka kuyaandika haya katika tangazo la kumbukumbu yako. Mjomba akaikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Andika, dada. Na la kwangu liandike. Mimi nimechoka kuwasikia wakilisingizia jengo."

Hatukuletei habari ya faraja, maana hatunayo. Mama hatwangi tena. Akisikia michi miwili kwa jirani anaondoka, kwa sababu masikio yake yanangoja kitu juu ya ile sauti na hakiji. Kwenye mashine ya mjomba haendi, anabeba debe lake mpaka kijiji cha pili. Baba yako anapalilia peke yake, palizi haimaliziki. Gitaa lako liko ukutani, nyuzi zimeshika kutu. Viatu viko chini ya kitanda cha mama, safi, havina tope hata chembe. Alifanikiwa kuvilinda.

Wapo watakaosoma hapa na kumchukia mama yako. Wana haki yao. Nyumba wanaijua, waje waseme, atawasikiliza. Ila wasiliseme darasa. Wewe ulilipenda, ulipita nyumba kwa nyumba kuliombea tofali, na sasa mijusi ndiyo inayosoma humo. Kufa umekufa mara moja kwa maji ya mama yako. Ukimya wake ukawa unakuua mara ya pili, na hilo peke yake ndilo bado linawezekana kuzuiwa.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii. Jumatatu asubuhi mama atamshika Antonia mkono, atampeleka chekechea, atakaa nje ya mlango mpaka watoke. Anayetaka kumleta wake amlete.

Unakumbukwa na mkeo Magdalena, mwanao Antonia, baba yako Benedikto, mama yako Marietha, mjomba wako Likwata, na Yassini, ambaye kwetu ni mtoto wa nyumbani. Maadamu tunapumua, Evaristo, jina lako litatajwa katika nyumba hii.

Na ninyi mnaosoma, mama yake Evaristo anawaomba mjiepushe na haya:

Msivute umeme wa mashine kuupeleka uwanjani bila fundi.

Msilaze waya chini wanapopita watu.

Msifunge kiungo cha waya kwa nailoni, hata kama ni kwa usiku mmoja tu.

Msimwage maji penye waya, hata kama haujawashwa. Vumbi acheni, wageni watajipangusa.

Aliyenaswa na umeme msimshike. Zimeni kwanza.

Msimlazimishe mwenye gitaa la mbao kuweka spika. Sogeeni.

Msiwatoe watoto darasani kwa maneno ya msibani.

Msinyamaze mwaka mzima.

Msimvue mtu viatu.